Yule Anayengojwa Usiku Kucha

Mazungumzo na Waswahili waishio Bristol, Uingereza, Jumamosi moja ya mwishoni mwa Novemba. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao sikuwataja, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimesema habari za jioni, kisha nikatazama dirishani nikajiuliza kama sikuwadanganya. Saa ya ukutani inasema saa kumi na moja kasorobo, na nje ni giza totoro.

Sisi saa zetu tulipewa na jua. Linachomoza saa kumi na mbili, tunaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, mpaka linazama saa kumi na mbili nyingine, basi tunaanza upya. Ni hesabu ya watu ambao jua lao halijawahi kuwadanganya. Kwetu Tanga, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki saa moja, na nadhani wengi wenu hamjui hata kwamba Desemba ndiyo yenye michana mirefu kwetu. Nani alijali? Sasa ichukue hesabu hiyo uje nayo hapa. Tarehe 21 Desemba, Bristol, jua linatoka mnamo saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika mbili hivi. Mwaka wangu wa kwanza marehemu mama alinipigia simu akaniuliza huko ni saa ngapi. Nikamjibu, "Saa kumi mama, giza limeingia." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, leo umekula nini?"

Wenzangu Waislamu mnanielewa zaidi. Desemba hapa Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama mabasi ya kituo kimoja. Ukiingia msalani umekosa moja.

Nimeanza na saa kwa makusudi. Nimeombwa nizungumzie watu wanaojiita wapagani na wafuasi wa dini ya Wicca, na wanachofanya majira haya ya baridi. Na mimi, baada ya miaka kumi na tisa ya uuguzi katika mkoa huu, nimeamini jambo moja: mtu ambaye hajapitisha Desemba ya huku hawezi kuwaelewa, na aliyepitisha ameshawaelewa nusu hata kama hajui. Hiyo nusu nyingine ndiyo nitakayowapa leo.

Aliyesababisha mkutano huu ni mdogo wetu mmoja. Jina lake silitaji, wala nyumba ya wazee anayofanyia kazi. Desemba iliyopita aliingia chumbani kwa bibi mmoja kumpelekea chai. Juu ya meza ndogo akakuta kisu chenye mpini mweusi, kikombe cha bati, sahani yenye nyota ya ncha tano, pembe za paa, mishumaa, na matawi yenye miiba na matunda mekundu. Kijana akauliza kwa adabu, vitu hivi ni vya nini? Bibi akatabasamu na meno yake ya bandia, akamwambia, "Mpenzi wangu, mimi ni witch." Kichwani kwake likaingia neno moja tu: mchawi. Aliweka trei chini, akatoka, akanipigia simu akiwa kwenye maegesho ya magari, anataka kuacha kazi na viza juu.

Sikumcheka. Sote tumelelewa na neno hilo. Lakini tulitazame vizuri. Kiswahili kimegawa kazi hizi kwa watu tofauti. Anayetibu kwa mizizi na majani ni mganga. Anayetabiri ni mpiga ramli. Mchawi tumemwachia kazi moja pekee, nayo ni kudhuru. Hakuna mchawi mwema kwa Kiswahili. Kiingereza hakina mgawanyo huo; neno lao moja limewabeba wote, mganga na mwangaji ndani ya kapu moja, na kina mama hawa wameamua kulichukua kapu lenyewe kwa fahari. Ukilitafsiri kuwa mchawi umemsingizia bibi wa watu. Mimi nasema Mwanawicca, na wengi Wanawicca. Wana kanuni yao maarufu, kwa ufupi: mradi humdhuru mtu, tenda upendalo. Mchawi wetu angefukuzwa huko siku ya kwanza.

Na jamani, msidhani nachezea maneno. Kwetu neno hili limeua. Shinyanga na Mwanza bibi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi, na mara nyingi nyuma ya mvi kuna shamba linalotamaniwa. Ulaya nayo ilipita humo humo: kati ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa watu kama 40,000 hadi 50,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na karibu wote walikuwa Wakristo wa kawaida waliogombana na jirani. Utawasikia baadhi ya wapagani wa leo wakisema waliouawa ni milioni tisa na kwamba wote walikuwa wa dini yao. Si kweli. Nimewaambia usoni, na wengi siku hizi wanakubali.

Neno "mpagani" nalo lina habari yake. Sisi tulilipokea kwa wamisionari, maana yake mtu asiye na dini ya kitabu, na ndani yake mna tusi. Kwa Kilatini cha kale mzizi wake ulikuwa mtu wa kijijini tu, mtu wa shamba. Watu wa pwani tunaujua mchezo huo vizuri sana. Babu zetu walipokuwa wamevaa kanzu zao barazani, waliotoka bara waliwaitaje? Haya, msinijibu.

Sasa Wicca yenyewe. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, maana vitu vyote vina sura ya kale: visu, vyungu, mashairi. Dini hii ni changa kuliko baba yangu. Aliyeileta hadharani ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa 1884, akafanya kazi miaka mingi Malaya ya wakoloni, mwishowe akiwa mtu wa forodha. Alirudi kwao 1936. Alidai amekuta kikundi cha siri cha waganga wa kale huko New Forest, kusini mwa nchi hii, nacho kikampokea mwaka 1939. Wanahistoria wamebishana sana juu ya dai hilo. Mwaka 1951 Bunge la Uingereza lilifuta sheria ya uchawi ya 1735, na mwaka 1954 Gardner akatoa kitabu chake kuwaeleza watu. Tanbihi ndogo: Waingereza hao hao walikuwa wametutungia sisi sheria za uchawi, Kenya 1925 na Tanganyika 1928. Yao wakaifuta. Zetu zikabaki vitabuni muda mrefu baada ya bendera kushuka.

Kuna kisa ninachokipenda. Siku ya sikukuu yao kubwa ya Desemba, mwaka 1953, Gardner alimwomba mwanamke mmoja, Doreen Valiente, aandike maneno ya ibada ya jioni. Ya jioni ile ile! Wameshakula chakula cha mchana, wageni wanakuja, na kuhani mkuu anamwambia mwenzake, hebu tutungie dua. Mama akakaa akatunga, akichota kwenye nyimbo za zamani za Waskoti, na usiku ikasomwa. Valiente mwenyewe alikisimulia bila aibu. Leo kuna watu wanaosoma maneno yale wakiamini yalitoka enzi za mawe.

Je, hilo linaiharibu dini? Kwangu mimi, hapana. Pale Chuo Kikuu cha Bristol, mlimani tu hapo, kuna profesa wa historia anayeitwa Ronald Hutton. Ni yeye aliyechambua kwa kina jinsi Wicca ilivyoundwa kutoka vipande vya hapa na pale. Ungetegemea wapagani wamchukie. Wanamwalika kwenye mikutano yao. Kila ibada ilikuwa na mchana wake wa kwanza, na mtu aliyekuwa anahangaika kutafuta kalamu.

Ni watu wangapi? Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilipata watu kama 74,000 waliojiandika wapagani, na wengine kama 13,000 waliojiandika Wicca. Kwa nchi ya watu karibu milioni sitini ni punje. Lakini hapa kusini-magharibi, na Glastonbury, mji unaopendwa na wapagani, ikiwa chini ya mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, punje zimemwagika nyingi. Utawakuta kwenye zamu zako, nakuhakikishia.

Mwaka wao una sikukuu nane, kama gurudumu lenye mikono minane. Majira ya giza yanaanza tarehe 31 Oktoba kwa Samhain, inayotamkwa "sa-win", siku ya kukumbuka wafu. Wengine huandaa mlo na kuacha kiti kimoja kitupu na sahani yenye chakula kwa ajili ya marehemu, wanakula bila kusema neno. Waliofanya hitima na waliofanya arobaini humu ndani hawahitaji ufafanuzi. Kisha inakuja kubwa yenyewe, tarehe 21 au 22 Desemba, usiku mrefu kuliko wote.

Inaitwa Yule. Msicheke. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilitaka kuuliza, yule nani? Wao wanatamka "yul", na ni neno la kale la watu wa Kaskazini. Mtawa Bede aliandika mwaka 725 kwamba Waingereza wa zamani waliiita Desemba na Januari kwa jina moja, Giuli, na usiku ambao leo ni wa Krismasi waliuita Usiku wa Akina Mama. Walifanya nini usiku huo, hakueleza. Huko Norwei, katika karne ya 10, mfalme Haakon, aliyekuwa Mkristo mbele ya raia wasiokuwa Wakristo, anasimuliwa kuwa aliamuru Yule isherehekewe siku moja na Krismasi, kila mwenye mji apike pombe, na sikukuu idumu kadiri pombe inavyodumu. Mwanasiasa hodari. Nadhani hakuna aliyeandamana.

Lakini swali langu la "yule nani" halikuwa la kijinga. Yule anayengojwa ni jua. Dunia imeinama nyuzi 23.4, na mwezi wa Desemba upande huu wa kaskazini umelipa jua kisogo. Kila siku mchana unakatwa kipande, unakatwa, unakatwa, mpaka siku moja kisu kinasimama. Warumi waliita hivyo hivyo, jua kusimama. Na halirudi mbio: kesho yake unaongezewa sekunde chache tu, hata huwezi kuhisi. Wanaosherehekea ni kama watu waliokaa hospitali usiku kucha, wanasubiri daktari atoke aseme homa imeacha kupanda.

Nilialikwa mwaka wangu wa tatu na jirani yangu, mzee mstaafu wa posta. Nilisita, naungama. Nikamwuliza imamu wetu, akaniambia nenda kama mgeni, usishiriki ibada, kula kilicho halali, rudi salama. Nikaenda na chupa yangu ya chai ya tangawizi.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika shamba la mitufaha nje kidogo ya Glastonbury. Niliwategemea wamevaa majoho meusi. Wawili walikuwa nayo; waliobaki walivaa makoti ya mvua na kofia za sufu kama wauza samaki. Jua lilipozama tukaingia bandani, wakazima kila taa, na simu zikawekwa kwenye kikapu. Tukakaa gizani bila kusema. Sijui ni dakika ngapi. Ndugu zangu, sisi tunaliogopa giza, tunalijaza taa na televisheni. Hawa walikaa ndani yake kwa hiari, na baada ya muda nikasikia mtu analia taratibu na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mbele yetu palikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu. Mama mmoja mzee akawasha kiberiti. Kiberiti kimoja, katika giza lile! Macho yote yaliruka. Moto ukashika chunguni, kila mtu akawasha mshumaa wake kutoka hapo, kisha wakapewa vipande vya karatasi waandike wanachotaka kiishie na mwaka, wakavichoma. Mimi sikuandika. Nilikuwa nacho cha kuandika, lakini sikuandika.

Kabla ya hapo walikuwa wamechora duara kwa kile kisu cha mpini mweusi, hewani tu. Kisu hicho kwa desturi yao hakikati nyama wala mkate, na wengi hawakinoi kabisa. Wakasalimu pande nne za dunia: mashariki hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Ile nyota ya ncha tano ni hizo nne na roho ya tano. Hadithi wanayoisimulia usiku huo ni kwamba Mungu-mama, ambaye ndiye mwezi na ardhi, anamzaa mtoto, naye mtoto ndiye jua. Wakristo mlioko hapa mnaona mfanano. Wao pia wanauona, na kila Desemba wanabishana nani alimwiga nani. Mimi siingii.

Kisha wakatoka nje wanaume wawili, mmoja amevaa taji la majani ya mwaloni, mwingine taji la mti wa holly, ule wa miiba na matunda mekundu. Mfalme wa holly ametawala nusu ya mwaka ya giza linaloongezeka, mfalme wa mwaloni anakuja kumpokonya. Wakapigana kwa fimbo. Kwa hakika walipigana, mpaka kofia ya mmoja ikaangukia matopeni, na watu wanawashangilia na kuwatukana. Nikacheka hadi nikashika mti. Nilikuwa Makunduchi! Wazanzibari mnajua: Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, watu wa kusini na watu wa kaskazini wanachapana kwa migomba, matusi yanaruhusiwa, kinyongo cha mwaka mzima kinamalizwa, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na aliyekuwemo anachomoka mbio. Nairuzi yetu hiyo, yaani Mwaka Kogwa, ina mizizi ya Kiajemi na haina uhusiano na hawa. Habari ya wafalme hawa wawili nayo, kwa sehemu kubwa, inatokana na mshairi Robert Graves aliyeandika mwaka 1948. Lakini moto, fimbo na matusi nimeviona pande zote mbili za dunia, na mtu asiniambie vilihitaji kubebwa kwa jahazi.

Baada ya hapo ikawa chakula. Keki ya asali, supu, na pombe ya tufaha iliyochemshwa na mdalasini, kungumanga na karafuu. Mimi nilikunywa juisi ya tufaha iliyotiwa viungo hivyo hivyo. Dirishani walikuwa wametundika machungwa yaliyochomekwa karafuu, kila chungwa ni jua dogo. Nikamwuliza mwenyeji anajua karafuu zimetoka wapi, akasema dukani. Basi nikamfundisha Pemba na Unguja, visiwa vilivyokuwa vikilisha dunia karafuu karne ya 19, na nani aliyezichuma, na kwa hali gani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku hizi kila mwaka anawasimulia wageni, na anakosea jina la Pemba kila mwaka.

Gogo la mwaloni lilikokwa saa nne usiku, kwa kijinga cha moto kilichotunzwa kutoka gogo la mwaka uliopita. Zamu zikapangwa, moto usizimike hadi asubuhi. Mimi nilipewa saa tisa hadi saa kumi, kwa kuwa walijua ni muuguzi wa usiku. Alfajiri tukapanda kilima na ngoma. Nilitamani kuliona hilo jua kuliko wao. Mawingu, kutoka upeo hadi upeo, rangi ya sufuria. Tukasimama, upepo unatukata. Mwishowe mmoja akatazama saa yake akasema, "Saa mbili na robo. Basi limetoka." Wakapiga ngoma na vigelegele kama vya harusi, tukashuka kula mayai.

Wengine huenda Stonehenge, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Mashirika ya hifadhi huwafungulia bure asubuhi hiyo, waingie katikati ya mawe. Yale makubwa yalisimamishwa mnamo mwaka 2500 kabla ya Kristo, na mstari wake unalenga machweo ya siku fupi. Machweo, si macheo. Wapagani wanakusanyika macheo. Nikamwuliza mmoja kwa nini, akasema machweo mageti yamefungwa. Lakini karibu na hapo, mahali panapoitwa Durrington Walls, wachimbaji walikuta mifupa ya nguruwe kwa maelfu, wengi wa umri wa miezi tisa hivi, yaani waliozaliwa majira ya kuchipua wakachinjwa wakati wa baridi. Imani ya wajenzi hao imekufa nao, ila tunajua walikula. Ireland ndiko kwenye ajabu zaidi: kaburi la Newgrange, la mwaka 3200 hivi kabla ya Kristo, lina tundu juu ya mlango. Asubuhi za siku fupi jua linapita tunduni, linatambaa kwenye ujia wa mita 19, linaangaza chumba cha ndani kwa dakika kama 17, halafu giza mpaka mwaka mwingine. Profesa O'Kelly aliyelichimba alilishuhudia peke yake tarehe 21 Desemba 1967. Wanaotaka kuingia huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Nisisahau Januari, maana hapa ndipo Somerset inaponikosha. Tarehe 17 wanakwenda kuisalimia mitufaha. Tarehe hiyo ni Januari sita ya kalenda ya zamani. Serikali iliruka siku 11 mwaka 1752, mitufaha haikuambiwa. Wanachagua mti mkubwa kuliko yote, wanaumwagia pombe ya tufaha miguuni, wanatundika matawini mkate uliochovywa pombe kwa ajili ya ndege, kisha wanapiga masufuria na kufyatua bunduki hewani kuwafukuza pepo wabaya na kuuamsha mti. Neno lao la salamu, "wassail", maana yake ya kale ni uwe mzima. Si ya Wicca peke yao. Utamkuta padri, mkulima, mwalimu wa shule na Mwanawicca, wote wanaupigia mti kelele. Bibi yangu aliwahi kumtishia mnazi kwa shoka kwamba usipozaa mwaka huu nakukata, na mwaka ule ukazaa. Nilipowasimulia walitaka kuandika.

Tarehe mosi Februari ni Imbolc, ya Brigid, ambaye kwa wapagani ni mungu-mke na kwa Wakatoliki ni mtakatifu wa Kildare. Ireland imeifanya sikukuu ya taifa tangu 2023. Maua madogo meupe yanatoboa theluji, kondoo wanaanza kunyonyesha, na wewe unatoka kazini saa kumi na moja unashangaa kumbe kuna mwanga.

Sasa ya kazini, kwa ninyi wahudumu. Ukikuta meza ya namna ile usikiguse kitu kabla ya kuuliza, kama ambavyo hungependa mtu akuhamishie msahafu au rozari. Kisu kikikutia wasiwasi, mwambie msimamizi, asiamue mtu mmoja peke yake. Mishumaa ya moto hairuhusiwi vyumbani, na hapo huna la kuona haya. Ipo ya betri, na Wanawicca wanaikubali. Usimkemee mapepo mzee aliye kitandani. Nimeshuhudia, na haikuwa huduma. Na ninyi wenyewe, kwa ngozi zetu hizi, jua la huku halitutoshi: wakubwa wa afya wanashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie vitamini D mikrogramu kumi kila siku, mwaka mzima. Wao wana gogo, sisi tuna kidonge, na hakuna anayekataza vyote viwili.

Mdogo wetu yule hakuacha kazi. Tulizungumza usiku mzima, kesho yake akarudi akamwomba bibi msamaha kwa kuacha chai ipoe. Sasa ni marafiki kiasi cha kunikera. Wiki hii amenipigia: bibi anataka kirukia cha Ulaya cha kutundika mlangoni, ndugu wa mbali wa kile kinachoota juu ya miembe yetu bila kugusa ardhi. Warumi waliandika kwamba makuhani wa Gaul, Ufaransa ya leo, walikikata kwa mundu wa dhahabu, na bibi anataka chenye matunda meupe, si cha plastiki. Nimemwambia akitundike juu kabisa, matunda yake ni sumu na wazee wengine pale hula chochote kinachong'aa. Huuzwa kwa matita mnadani Tenbury Wells, kuanzia wiki hizi. Kijana hana gari. Mwenye safari ya kwenda Worcestershire kabla ya tarehe 21 anione hapo mlangoni, petroli tutachangia.